Gemu Ndani ya Kapu la Posa

Jumapili, 7 Juni 1998

Ibada imeharibika. Si kwa mahubiri, kwa Ildefonce! Tumetoka tu kanisani, fundi redio huyu akachomoa gemu mfukoni, ile ya matofali yanayodondoka, na nusu ya kwaya ikamzunguka. Wakristo wazima! Deodata naye alikuwemo. Deodata wangu, ambaye Jumapili ijayo tunapeleka posa kwao. Alicheka mpaka nikaona meno yote.

Nilipita na baiskeli yangu, nikapiga kengele. Hakuna aliyegeuka.

Ildefonce anasema gemu yake ina michezo elfu tisa na ushee, imeandikwa kwenye boksi. Nimeichungulia. Ni tofali lilelile, mara polepole, mara mbio. Lakini watu hawataki ukweli, wanataka milio.

Nimeamua. Kabla ya posa nitakuwa na gemu, tena bora kuliko yake. Mimi ni muuza mafuta ya taa hapa Benaco, najulikana mpaka kambini. Siwezi kuingia ukweni nikiwa nimepitwa na fundi redio.

Jumatatu, 8 Juni

Kambini Lukole, kwa Bukuru. Ni mkimbizi wa Burundi, mtu mpole, anauza vitu ambavyo wazungu wa mashirika huacha wakirudi kwao: kofia, saa, viatu vya miguu mikubwa. Nilijifanya natafuta kamba. Ana gemu tatu!

Ya kwanza ni ya maji. Unabonyeza, vipete vinaruka majini, unavitega kwenye kijiti. Haili betri. Lakini mtu wa heshima yangu hawezi kushika chupa ya maji akaiita gemu. Ya pili ni ya kijivu, nzito, ya zamani, inachomekwa kaseti nyuma, kioo chake kama maji yaliyochemshiwa mchicha. Ya tatu ina rangi! Nyekundu, bluu, njano!

Bukuru alinishauri ile ya kijivu. Alisema za zamani zilitengenezwa na watu wasio na haraka, na hii aliiona kwa macho yake ikianguka kutoka kwenye lori, ikaendelea kulia. Nikamwambia sijaja kununua uzee. Nataka ya rangi. Hela hakutaka. Alitaka ndizi za kukamua pombe, maana kambini mahindi yapo na maharage yapo, ndizi hakuna.

Ndizi ninazo. Mama amezifukia shimoni tangu Jumamosi ziive kwa pombe ya posa. Shimo limejaa. Vichane vichache haviwezi kuonekana.

Jumanne, 9 Juni

Mama alikwenda jumuiya. Nikafukua. Joto lilitoka shimoni likanipiga usoni, ndizi zilikuwa zimeanza kunukia vizuri. Nilijaza gunia, nikarudisha majani, nikakanyaga udongo kitaalamu. Kufikia adhuhuri gemu ya rangi ilikuwa yangu!

Jioni: gemu hii inakula kuliko mimi. Betri sita kwa mpigo! Nilianza kucheza sokoni Lukole, ikafa kabla sijafika barabara kuu. Nikaitilia nyingine dukani, zikafa kabla ugali haujaiva. Halafu juani haionyeshi kitu. Nilijiona mwenyewe tu kwenye kioo, nimekunja uso.

Jumatano, 10 Juni

Nimerudi kwa Bukuru. Hakushangaa, jambo lililoniudhi zaidi. Alikubali kunibadilishia na ile ya kijivu, lakini niongeze ndizi, kwa sababu hii ya rangi sasa imetumika. Nilibisha sana. Akaendelea kukunja mashati. Mtu anayenyamaza hafai kufanyiwa biashara.

Nikarudi nyumbani, nikafukua tena. Nilikuwa namalizia kukanyaga udongo mama akatokea na ndoo, akauliza kwa nini nina udongo mpaka magotini. Nikasema natafuta kuku. Akanionya nisilisogelee shimo, akanieleza kama mtoto mdogo kwamba likifunguliwa joto linapotea na ndizi zinagoma. Nikamwambia nani asiyejua hilo.

Gemu ya kijivu ni nzuri ajabu! Kuna bata anavuka mto, na mamba wanamngoja. Betri zinadumu, juani inaonekana. Ndiyo niliyoitaka tangu mwanzo. Nimevuka mara moja, karibu nilie.

Ijumaa, 12 Juni

Msiba. Mama na wenzake wamefungua shimo. Ndizi za juu mbivu, za chini za kijani na ngumu. Mama alishika kichwa, akailaumu baridi ya Juni. Nikamuunga mkono: baridi ya mwaka huu imezidi.

Walikamua kwa nyasi mpaka mikono ikauma. Juisi haikufika nusu ya dumu. Posa bila dumu lililojaa ni matusi, kila Mhangaza wa Ngara anajua. Nikajitolea kulitunza mimi mwenyewe mpaka Jumapili. Mama alisema Mungu amemkumbuka, hatimaye kijana wake amekuwa mtu.

Jumamosi, 13 Juni

Nimeongeza maji. Kidogo. Halafu kidogo tena.

Jambo jingine. Suti niliyoazima mifuko yake imeshonwa. Nimeifutika gemu kwenye kapu la posa, chini ya unga wa mtama, juu kitambaa. Nikifika kwa mkwe nitaichomoa kama mtu anayetafuta leso. Deodata atakuwa analeta maji ya kunawa. Ataona.

Jumapili, 14 Juni

Sijui niandike nini. Naandika.

Tulifika mimi, baba mdogo na shangazi. Shikamoo nyingi. Mzee Bartholomayo, baba yake Deodata, alikuwa amekaa na ndugu zake wazee kuzunguka mtungi. Kabla sijageuka, shangazi yake Deodata alilipokea kapu akaingia nalo ndani! Nilinyoosha mkono. Baba mdogo akanikanyaga. Kilichokuja ndani ya kapu la posa ni cha wenyeji, hata kingekuwa meno ya babu yako. Hakidaiwi. Nilijua hilo tangu utotoni, ila sikuwahi kuwa na gemu ndani ya kapu.

Dumu likamiminwa mtungini. Desturi ni aliyeleta aonje kwanza, waone hajaweka sumu. Nikavuta mrija, nikalamba midomo, nikasema aah. Mzee naye akavuta. Akanyamaza. Akawapitishia ndugu zake, mmoja mmoja kwa umri, nao wakanyamaza kwa umri.

"Kijana," Mzee akasema, "pombe hii mmeivusha kwenye mto gani?"

Baba mdogo alitazama viatu. Deodata alisimama mlangoni na birika, macho yamejaa machozi, na wakati ule sikufikiria gemu hata kidogo. Niliona mke wangu anaondoka kwa sababu ya ndoo ya maji.

Hapo shangazi yake akatoka ndani ameshika gemu yangu, imejaa unga, inalia. Akauliza ni dawa ya nini. Nikafungua mdomo kusema ni yangu. Baba mdogo akawahi! Akasema ni zawadi maalumu ya kijana kwa baba mkwe, na ndiyo sababu hatukuhangaika sana na pombe.

Mzee akaipokea kwa mikono miwili. Akamwona bata. Akawaona mamba. Sura ikabadilika. Gemu ikaanza kupita kama mrija, kwa umri, na mkwe hana zamu. Posa imepokelewa! Siku ya harusi, Mzee alisema, ataitaja bata akivuka.

Kapu limerudi na maharage na jogoo. Kapu halirudishwi tupu.

Alhamisi, 18 Juni

Bata havuki. Mzee amekulia kando ya mto Ruvubu, na kwa msimamo wake kiumbe mwenye akili haingii majini huku anamwona mamba. Basi bata anasimama ukingoni. Wazee wanamshauri asubiri. Mamba haondoki, hakutengenezwa aondoke! Betri zikiisha Mzee anakuja dukani kwangu.

"Mkwe, bata amezimia."

Nampa betri. Utamnyima nani? Nilipoomba nimwonyeshe kidogo tu, alishangaa nataka kushika kitu cha baba mkwe.

Deodata alipita dukani kuchukua mafuta ya taa. Nikamuuliza, kwa kuzungukazunguka, kuhusu kicheko cha siku ile kanisani. Akasema alikwenda kuulizia redio ya baba yake, akacheka kwa sababu Ildefonce alikuwa anashindwa. Gemu hazipendi, zinamuumiza kichwa.

"Mimi nilikuwa nangoja dumu lijae, Elick. Basi."

Nimelifikiria sana neno hilo. Sijaona linahusiana na nini.

Jumapili, 21 Juni

Kitufe cha gemu kimekwama kwa unga. Mzee amemwita nani? Ildefonce! Amekaa ukweni kwangu tangu walipotoka kanisani, kwenye kiti, anapewa chai. Alisafisha kitufe, na kwa kuwa yeye si mkwe akaruhusiwa kujaribu. Akavuka! Mara ya kwanza tu! Wazee walipiga makofi, mmoja alitokwa na machozi.

Mzee ametimiza neno lake, ametaja siku. Harusi ni mwezi wa nane, baada ya mavuno ya mtama. Deodata alinitazama akatabasamu, na kwa muda mfupi nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote wilaya ya Ngara.

Kisha Mzee akasema Ildefonce awe msimamizi wa harusi, kwa kuwa ndiye aliyemvusha bata.

Jumatatu, 10 Agosti

Harusi ni Jumamosi ijayo. Ildefonce ametangaza kwamba atakuja na gemu yake na atamwachia bibi harusi aicheze mezani, mbele ya watu wote. Kwenye meza YANGU.

Nimekwenda Lukole kutazama tu. Bukuru amepata gemu mpya. Ina rangi, ina waya wa kuungana na nyingine, na betri mbili tu! Anasema wawili wanacheza kwa pamoja. Nimeona picha yote: mimi na baba mkwe, meza kuu, bata wawili, na Ildefonce amesimama pembeni ameshika maua. Deodata atafurahi. Kichwa kitamuuma kwa siku moja tu.

Bukuru bado hataki hela.

Mama amefukia ndizi za harusi jana, shimo kubwa kuliko lile la kwanza, amelizungushia miiba. Leo mchana anakwenda jumuiya. Shimo limejaa. Vichane vichache haviwezi kuonekana.