Vita Yangu na Kompyuta ya Kliniki ya Watoto

Jumatatu, 4 Machi
Msiba! Kompyuta imeletwa kliniki. Daktari anasema uzito, chanjo na mzio wa kila mtoto vitaingizwa humo, mafaili basi. Na mimi? Miaka kumi na minne natunza mafaili haya! Aliyekabidhiwa mashine ni nesi wetu mwenye hasira za karibu, tunayemwita Kiberiti. Kanitazama kwa jicho la pembeni, akacheka. Tutaonana.

Jumanne, 5 Machi
Mpango umeiva. Nimepanga mafaili upya, si kwa majina, bali kwa jinsi mtoto anavyolia. Wapiga mayowe rafu ya juu, wanaonung'unika chini. Mashine itaweza wapi! Mke wangu kauliza, je, mtoto akija amelala? Wivu tu.

Jumatano, 6 Machi
Kiberiti anachapa kwa kidole kimoja. Mimi faili mkononi kabla hajamaliza jina! Akina mama wakanipigia makofi. Kisha akaja mtoto amelala fofofo. Nikamfinya kidogo. Mama yake akanifinya mimi, si kidogo.

Alhamisi, 7 Machi
Fundi cherehani kaleta mmoja wa pacha wake, miaka mitatu, homa na sikio. Kilio nakijua! Nikavuta faili kwa mbwembwe. Daktari akasoma: hana mzio. Akaagiza penisilini. Kiberiti alikuwa amefungua kumbukumbu aliyoiingiza jana, kwa jina alilotaja baba. Kuingiza dawa tu, skrini ikawaka nyekundu: mtoto huyu penisilini inamdhuru! Nikabisha. Nikasema mashine imelewa. Kiberiti akamwomba daktari asome jina lililo juu ya faili. La pacha mwenzake! Wanalia sawasawa hawa!
Nikakaa kwenye mzani wa watoto.
"Mshukuru Mungu," Kiberiti akaniambia, "halafu shuka, utauvunja."

Ijumaa, 8 Machi
Nimekiri yote kwa daktari, nikingoja kufukuzwa. Kumbe! Kasema ninawajua watoto kuliko mtu yeyote, basi niketi na Kiberiti tuwaingize wote waliobaki, nesi akinikagua. Pacha alipewa dawa nyingine, leo kaja kuangaliwa, anakimbia koridoni akiniita Babu Faili. Machozi yakanitoka. Nikasema ni vumbi. Kiberiti akanipa kitambaa, akasema vumbi hilo hata yeye limemwingia. Watoto arobaini tumeingiza, tukicheka mpaka mbavu zikauma.

Jumatatu, 11 Machi
Naipenda kompyuta! Ila haifai kila mtu kuishikashika. Wenzangu walipokwenda chai, nimebadilisha neno la siri. Refu, gumu, nalijua peke yangu. Sasa watakuja mmoja mmoja, Kiberiti mbele, kunibembeleza! Sikuliandika popote, mimi si mjinga. Liko kichwani. Linaanza na herufi...
Ngoja kwanza.