Farasi wa Ziada

Marashi aliisoma sheria ile mara tatu, na kila mara aliipenda zaidi. Ilibandikwa kwenye mlango wa banda la klabu ya mbio za magari, mlango ulioachwa wazi kutwa kwa sababu ya joto. Ilisema hivi: gari lisizidi nguvu ya farasi themanini, na dereva yeyote aliyeanza mbio ana haki ya kudai injini ya mshindi, naye amwachie yake. Mshindi atakayekataa afukuzwe klabuni maisha.

Ilikuwa sheria ya watu wenye akili nyingi na mifuko mitupu. Wanachama walikuwa mwalimu wa hesabu, mkata vioo, wauguzi wawili na wengine wa jinsi hiyo, na magari yao makuukuu yalikuwa ya aina moja. Nani atapoteza mali kuinenepesha injini, akijua jioni ataondoka na mkweche wa mwenzake?

Wanachama waliona kinga. Marashi aliona duka lisilo na mwenyewe.

Na injini ndiyo kitu pekee alichokihitaji duniani. Wiki mbili nyuma alikuwa ameazima pikapu ya dada yake, fundi mwenye gereji, bila kumwambia. (Kuazima kwa namna hiyo kuna jina jingine, lakini hapa si mahakamani.) Aliiendesha kutwa bila tone la maji kwenye rejeta, injini ikaiva. Dada akalitoa begi lake nje.

"Dada, mimi ni damu yako!"

"Damu yangu iko salama. Kilichoungua ni injini. Siku pikapu itakaponguruma kama zamani, utalala ndani."

Tangu hapo Marashi alilala kwenye benchi la kinyozi, na kila asubuhi alijimwagia manukato, yale yale yaliyompa jina, ili asinuke ufukara.

Pikapu nayo ilitumia injini ya aina ile ile ya magari ya klabu. Haikuwa imekufa kabisa; ilitembea kwa moshi na kikohozi. Kuanza mbio ingeweza. Kumaliza, hakuna aliyeiomba. Kilichobaki ni mshindi mwenye injini ya kutamanika, na mshindi huyo Marashi aliamua kumtengeneza mwenyewe.

Akamchagua muuza saruji, ambaye klabuni waliishia kumwita Saruji tu. Alikuwa na mali, tumbo, na misimu minne bila kushinda chochote.

"Mzee wangu," Marashi alimwambia, akiegemea boneti, "wewe si dereva mbaya."

"Nani amesema mimi ni dereva mbaya?"

"Hakuna aliyesema. Wanacheka tu."

Saruji aliacha kufuta kioo. Marashi akasogea. "Niambie, Mama Mizani anapima nini?"

Mama Mizani ndiye mkaguzi. Alistaafu kwenye mizani ya malori, ambako kwa miaka thelathini hakuna dereva aliyemwonjesha hata soda. Sasa aliyapandisha magari ya klabu juu ya mapipa mawili ya chuma yanayozunguka, akamwamuru dereva akanyage mafuta mpaka mwisho, na sindano ikahesabu farasi.

"Anapima nguvu ya injini," alisema Saruji.

"Anapima mguu wako! Akisema kanyaga mpaka mwisho, wewe kanyaga mpaka mwisho. Lakini mwisho uko wapi?" Marashi alitoa kipande cha mbao kama kiberiti. "Mwisho ni hapa. Hiki kinakaa chini ya pedali. Sindano itakwama sabini na nane. Ukishuka kwenye mashine, unakitia mfukoni, unakwenda kushinda."

"Huo si wizi?"

"Mzee, mwizi huchukua. Wewe unaweka."

Saruji alifikiri kwa muda ule mfupi anaouhitaji mtu aliyekwisha kuamua. "Na wakinidai injini?"

"Wangapi wamedai tangu ujiunge? Hawa ni watu wa haya. Mtu anaona bora ashindwe kuliko aonekane mroho."

Hilo lilikuwa kweli tupu, na Marashi aliutumia ukweli kama wapishi watumiavyo chumvi. Kisha akamwelekeza kwa fundi mmoja mwanamke, mikono ya dhahabu. "Ila usimtajie jina langu. Tuna mambo ya kifamilia."

Wiki iliyofuata alipofika gereji kwa dada yake, alikuta buti mbili tu zikichomoza chini ya gari la Saruji. Alizisalimu.

"Dada, naomba pikapu Jumamosi. Nitashiriki mbio. Ina jina la gereji ubavuni, litakuwa tangazo."

Spana ilinyamaza. "Leo umeomba? Unaumwa?" Spana ikaanza tena. "Ichukue. Tia maji."

Mjanja mwingine angeshtuka kupewa kitu kirahisi hivyo. Marashi aliupongeza ulimi wake.

Jumamosi sindano ya Mama Mizani ilikwama sabini na nane, na Saruji akashuka kwenye mashine na uso wa mtoto wa shule aliyekariri. Bendera ilipoanguka, gari lake liliwaacha wenzake kama wamesimama kupiga gumzo. Pikapu ilikwenda mzunguko mmoja, ikazimika katikati ya wingu jeusi. Muuguzi mmoja alimkimbilia Marashi na ndoo ya maji, akauliza: "Ya gari au yako?"

Saruji hakuwa amemaliza kulibusu kombe Marashi aliponyoosha mkono.

"Naidai injini."

Watu waliguna. Saruji alivimba. "Wewe! Si wewe ndiye uliye—"

"Niliyefanya nini, mzee wangu? Malizia. Mama Mizani anasikiliza."

Saruji akameza sentensi nzima, mifupa na yote. Injini zikabadilishwa pale pale, na aliyefanya kazi hiyo ni dada, ambaye kwa bahati ya ajabu alikuwa amekuja na winchi yake. Pikapu iliponguruma, Marashi aliukumbatia usukani kama mtu aliyerudishiwa mama.

"Bado," alisema Mama Mizani.

Aliuvuta mlango wa banda, akaufunga. Upande wake wa pili, ule uliokuwa ukitazama ukuta kutwa nzima, ulikuwa na karatasi nyingine. Akasoma kwa sauti: "Injini iliyodaiwa ipimwe siku hiyo hiyo katika gari la aliyeidai. Mkaguzi atakanyaga mwenyewe. Ikizidi, aliyeitoa na aliyeichukua wana kosa moja."

Alikanyaga. Sindano ilipita themanini, ikapita mia, ikatulia mia na ishirini na sita.

"Farasi arobaini na sita wa ziada," alisema, kama daktari anayetaja ugonjwa.

Kombe lilikwenda kwa mwalimu wa hesabu. Saruji na Marashi walipewa ufagio mmoja mmoja: kila Jumamosi, msimu mzima, kusukuma magari kwenye mashine na kufagia mafuta uwanjani.

"Na injini?" Marashi aliuliza, sauti nyembamba.

"Injini haijamdanganya mtu. Isirudi mbioni tu. Pikapu ya nani?"

"Yangu," alisema dada, akifuta mikono. "Ya mizigo."

Njiani dada aliendesha, Marashi akakaa pembeni na ufagio magotini.

"Ulijua," alisema hatimaye.

"Saruji aliniambia mbao kaipata kwa kijana anayenukia kama bibi harusi. Kisha ukaja kuomba pikapu, wewe usiyeomba. Nikaitengeneza ile injini kwa mapenzi yote, kama yangu."

"Na karatasi ya nyuma ya mlango?"

"Naijua miaka mingi. Wengi wao hutengenezea magari kwangu."

"Ungeniambia!"

"Usingeidai. Nami ningekuwa bado nabeba mizigo kwa mkokoteni."

"Msimu mzima, dada! Mimi na ufagio, Saruji ananitukana sikioni! Angalau uniombe radhi."

Dada alibadilisha gia, na injini ikapanda kilima bila kuhema.

"Begi lako liko kitandani, na chumba nimekifagia. Radhi sikuombi, leo wala kesho."