Njiwa Wenye Soksi

Jumatatu, 3 Machi
Marehemu mke wangu ameniachia njiwa wawili weupe, dume na jike, wa kiota kimoja. Kila mmoja ana vinyoya vitatu juu ya kidole. Alama ya ukoo! Alikuwa akivigusa kila asubuhi kabla ya chai. Hawa wakifa bila kuzaa, itakuwa kama ameondoka mara ya pili. Nimeamua: nitawaozesha. Damu safi, isiguswe na mtu.

Binti yangu kasema, Baba, hao ni kaka na dada. Nikamwambia ndege hawana habari za undugu. Kasema amesoma mahali: ndege waliolelewa pamoja mara nyingi hukataana, na wakikubaliana mayai huweza kuharibika. Haya, tutaona.

Alhamisi, 6 Machi
Nimewafungia tundu moja. Nimewawekea na kioo cha marehemu, wajione walivyo wazuri. Dume akavimba shingo, akainama, akazunguka. Nikajawa matumaini. Kumbe anakitongoza kioo! Saa nzima. Dada mtu kampa mgongo, anakula mtama wake.

Jumamosi, 8 Machi
Nimefungua mlango kubadilisha maji. Jike huyo! Moja kwa moja juu ya paa la jirani, fundi cherehani, kwa dume lake la kijivu lenye manyoya mpaka kwenye kucha, kama kavaa soksi. Nikapanda ngazi nikipiga mluzi ambao marehemu alikuwa akiwaitia. Sikuupatia. Fundi akaniuliza kutoka dirishani kama nimeleta posa au ngazi tu.

Jike kajirudisha mwenyewe alasiri. Anajichambua manyoya. Wala haoni haya!

Jumatatu, 17 Machi
Mayai mawili! Nimeandika DAMU SAFI kwa chaki juu ya tundu. Kaka mtu kayatazama kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi asiyoalikwa.

Ajabu moja. Yule wa kijivu anakuja kila asubuhi kuyaatamia. Nimemfukuza mara tatu. Binti kasema mwache, Baba, ndiye baba yao. Nikamwambia ni yaya.

Jumamosi, 5 Aprili
Wameanguliwa wote! Wabaya kama nini. Nimelia kidogo.

Jumanne, 15 Aprili
Vidoleni mwa makinda manyoya yanachipua. Mpaka kwenye kucha.

Fundi kabisha hodi, kaniita mkwe. Nikamwambia dume lake limeharibu ukoo wa mke wangu. Akashangaa kweli. Kasema, mzee mwenzangu, ukoo upi? Marehemu alikuwa akija kila msimu kuazima dume. Hata vile vinyoya vitatu vilitoka kwa babu wa huyu wa kijivu. Siku moja fundi alimuuliza sababu, mke wangu akamjibu kuwa maji yasiyotembea huvunda.

Nikakaa kwenye kigoda cha marehemu. Miaka kumi na tisa ya ndoa, sikuwahi kumuuliza. Nikamwomba fundi anionyeshe ule mluzi. Alikuwa akiusikia kila siku dirishani. Kaupatia. Njiwa wote wakageuza vichwa. Na mimi pia.

Jumatano, 16 Aprili
Nimetafakari sana. Fundi kasema kweli. Basi ukoo halisi wa mke wangu ni hawa wenye soksi. Tena wako wawili!

Binti kasema bado haijulikani yupi dume yupi jike. Mimi nimeshajua. Tundu lao la harusi nimelipaka rangi, mlango nimeukaza kwa waya. Damu safi, isiguswe na mtu.

Safari hii kioo siweki.