Kusawazisha Mashini ya Mama Virginie

Jumatatu, 5 Mei

Aibu! Mashini ya kukata majani, ile ya kupanda kama gari, inakata upande. Kushoto inanyoa hadi udongo, kulia inaacha nywele. Bustani nzima ya nyumba ya wageni imekuwa ngazi. Mama Virginie, mwenye nyumba, ametoka na kikombe chake cha chai. "Papa Cyprien, wageni watakaa mu hii majani ao wataipanda?" Arusi ni Jumamosi. Bustani isipokuwa sawa, ufunguo wa mashini unaenda kwa Damien, jirani anayefyeka kwa kupekupe, lile panga la mkono. Damien! Mtu aliyezaliwa kutembea kwa miguu. Mimi hata mke wangu ananiita Shofa, yaani dereva. Ufunguo huu siuachii.

Jumanne, 6 Mei

Nimegundua ugonjwa. Chini ya mashini kuna sahani kubwa ya chuma iliyobeba visu. Inaning'inia kwa bolti, moja kushoto, moja kulia. Kaza, inapanda. Legeza, inashuka. Damien amechungulia juu ya ua, akanishauri nitie kwanza upepo kwenye tairi la kushoto, halafu nipeleke mashini kwenye saruji, pale palipolala sawa. Hila ya adui! Nimebaki hapo hapo mteremkoni. Nivo ya fundi, ile ya kupimia usawa, sina, lakini Mungu ametupa ziwa. Nani amewahi kuona Tanganyika limelala upande? Nimelala kifudifudi, nikalinganisha ukingo wa sahani na mstari wa maji. Sawa kabisa. Nimejipongeza kwa soda baridi.

Jumatano, 7 Mei

Sasa inanyoa kulia, inaacha kushoto. Ni maendeleo. Ugonjwa umehama.

Alhamisi, 8 Mei

Uzito! Dawa ni uzito. Nimemwomba Mama Pétronille, mpishi, akae juu ya madigadi ya kushoto. Ni mama mwenye mwili, Mungu amzidishie. Mashini imetulia, majani yakatoka laini. Nimeimba kwa sauti. Katikati ya bustani Mama Pétronille akasikia harufu ya maharagwe yanaungua, akashuka bila kuaga. Mashini ikainama kulia, ikachimba mtaro kutoka kwenye maua hadi chooni. Nimemwita arudi. Amejibu kwamba yeye si mufuko wa simenti.

Jumamosi, 10 Mei

Arusi. Viti vya familia ya bibi arusi vimepangwa ndani ya mtaro wangu, vya bwana arusi vimebaki juu. Tofauti ni upana wa kiganja tu. Lakini baba wa bibi arusi ameona! Amekataa kukaa. "Sisi njo tunatoa mutoto, na munatuweka chini yao?" Wazee wake wote wamesimama naye. Sala imekwama, bia inapata moto. Nimependekeza wakalie kreti. Wamenitazama vibaya sana. Mwishoni pande mbili zimebadilishana, na bwana arusi ameshuka mtaroni akicheka, maadamu anapewa mke. Mama Virginie amenyoosha mkono. Nimeweka ufunguo kiganjani mwake. Imeniuma, sitaficha. Nimekula wali kidogo tu.

Jumapili, 11 Mei

Damien ametia upepo. Amezungusha bolti zangu pale kwenye saruji, kisha bustani ikatoka kama meza. Kila mtu anampongeza. Watu hawajui kufikiri! Ni wazi kwamba kazi yangu ya Jumanne ilikuwa inakawia tu, kama dawa ya minyoo. Yeye amevuna shamba la mwenzake.

Hata hivyo Mama Virginie amenionea huruma. Amenipa kazi ya kuangalia tangi la maji, lile lililo juu ya mnara wa chuma. Akasema niliangalie kwa macho, basi. Lakini nimeona kitu: limeinama kidogo. Bahati nzuri limejaa hadi juu, kwa hiyo uzito utalituliza. Mama Virginie mwenyewe amepumzika kivulini pale chini ya mnara, sikutaka kumsumbua. Nimepanda na spana. Bolti ya kwanza inayolishika tangi imetoka bila shida. Zimebaki tatu, nitazimaliza nikisha kula.