Perpetua Yauzwa kwa Mara ya Sita

Gati la Hillsborough lilikuwa limeshabaki nyuma, tanga kubwa limeshika upepo na abiria watatu wameshapewa kinywaji cha kwanza, ndipo Hollis Cayenne alipomwona daktari wa meno akizigonga mbao za mashua kwa kidole, kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni. Moyo wake ukafurahi. Mtu anayegonga mbao hakuja kutazama samaki.

Hollis alikuwa na mali moja tu duniani, nayo ni mashua hiyo, Perpetua, aliyoachiwa na mjomba wake Bertrand siku nne kabla ya kufa. Ilijengwa ufukweni mwa kijiji cha Windward kwa jicho na mkono, bila mchoro wowote, na kisiwa kizima cha Carriacou, katika Karibi, hakuna asiyeijua. Wenzake waliishi kwa kuendesha mashua. Hollis aliishi kwa kuiuza. Alikuwa ameshaiuza mara tano, ya mwisho kwa ndugu wawili wa Ohio, na bado ilikuwa yake, inang'aa kwa rangi mpya iliyolipiwa na wanunuzi.

Utaratibu wake ulikuwa safi, na tumpe mtu haki yake. Bei aliitaja ndogo mno, ya kumtia mnunuzi aibu kidogo na furaha nyingi. Mnunuzi akisharudi kwao, barua zinaanza: muhuri wa bandari, ada ya kufuta jina la zamani, mkaguzi aliyevunjika mguu, mkaguzi wa pili wa kuhakiki mguu wa yule wa kwanza. Mnunuzi hulipa na kulipa mpaka siku moja huchoka na kunyamaza. Hakuna aliyewahi kushtaki, maana ingembidi amweleze hakimu kwamba yeye ndiye aliyedhani anamwibia mtu wa kisiwani.

Daktari huyo aliitwa Pruitt, alitoka Toronto, na alikuja na mkewe aliyekwisha kuungua mabega na asiyetaka kitu kingine ila kumwona kasa. Abiria wa tatu alikuwa Bi Averil Stroud, mjane Mwingereza mweusi wa miaka kama sabini, kutoka Huddersfield, mwenye kofia pana. Tangu asubuhi alikuwa ameuliza swali moja tu: aweke wapi viatu vyake. Hollis alimhesabu pamoja na mizigo.

Usukani ulishikwa na Mzee Gurney, binamu wa marehemu Bertrand. Mzee huyo aliyajua yote na hakusema lolote. Kwa mwendo wa Hollis, huo ulikuwa ubaharia wa hali ya juu.

Walitia nanga kwenye Kisiwa cha Mchanga, upande wa matumbawe. Hollis akagawa miwani ya kuzamia na mirija ya kupumulia, akawafundisha kutema mate kwenye kioo na kuyasugua ili kisiingie ukungu. Mama Pruitt akatema. Bi Averil akatema vizuri kabisa. Daktari, ambaye maisha yake yote amewaambia watu wateme, aliona kinyaa, akaingia majini na miwani mikavu, na dakika mbili baadaye alikuwa haoni hata vidole vyake.

Hilo halikumsumbua, kwa kuwa alichotaka kukiona hakikuwa mbali. Huku mkewe akimfuata pono mmoja wa kijani kwa mapenzi makubwa, yeye alipapasa mkuku wa mashua. Hollis akaibuka kando yake. Wakatoa mirija mdomoni, wakazungumza kwa kunong'ona, vichwa viwili juu ya bahari tulivu, kana kwamba pweza wangewasikia. Hollis alieleza kwamba mjomba amekufa, kwamba ndugu wanagombana, kwamba yeye hana elimu ya mambo ya thamani na anataka tu kuondokana na balaa kwa dola elfu nne za hapa kisiwani. Daktari alikunywa maji ya chumvi. Alipomaliza kukohoa alisema bei hiyo ni kubwa kidogo, ila kwa kumwonea huruma atafikiri, na jioni atampigia simu wakili wake.

Karibu yao Bi Averil alikuwa ameshika kamba ya ngazi, akihangaika na mrija wake ambao, kwa jinsi nilivyosikia baadaye, haukuwa na kasoro yoyote.

Alipanda juu kabla ya wengine. Hollis alikuwa akikamua ndimu kwa ajili ya kamba koche waliokuwa wakingoja makaa ufukweni. Bi Averil akajifuta uso, akakaa kwenye ndoo iliyofudikizwa.

"Nimesikia unauza," akasema.

"Mama, sauti za baharini hudanganya."

"Elfu nne. Na bei nayo imedanganya?"

Hollis aliacha ndimu. Alimtazama upya, akaona alichokuwa hajakiona: mjane, pensheni ya Uingereza inayoingia kila mwezi bila kukosa, na mwandiko mzuri wa kujibu barua. Akajilaumu kwa kupoteza wakati wake kwa daktari. Akasema ni kweli, ila kuna karatasi ndogo ndogo zitakazofuata.

"Karatasi sizipendi, mwanangu. Marehemu mume wangu aliniachia kabati zima la karatasi. Tufanye kama mnavyofanya huku."

"Kama tunavyofanya huku, mama, bila shaka," Hollis akasema, kama mtu anavyomkubalia mtoto kwamba kesho watakwenda mwezini.

Bi Averil akafungua mkoba wa plastiki aliokuwa ameufunga tumboni na kumpa bahasha. Fedha zote, papo hapo. Hollis aliingiza bahasha ndani ya fulana na kumsikitikia kidogo. Alikuwa na huruma ya kweli kwa wanunuzi wake wote. Ilimjia kila baada ya kupokea.

Saa sita na nusu walikuwa mchangani. Mashua nyingine mbili za Windward zilikuwa zimeshusha wageni wao pale, na mabaharia wake, mafundi waliojenga nusu ya mashua za kisiwa, walikuwa wakigeuza mashelisheli juu ya moto. Mzee Gurney akaanza kupakua. Sahani ya kwanza kabisa, yenye kamba koche, shelisheli na wali, Bi Averil aliichukua mwenyewe. Hakula. Aliibeba mpaka kwenye kivuli cha mti wa mzabibu wa pwani, akaiweka chini, akaomba kikombe cha maji na kikombe cha ramu ya kisiwa, ile kali ambayo barafu huzama ndani yake badala ya kuelea. Akavimimina mchangani mara tatu, maji, ramu, maji.

Mabaharia wa Windward walivua kofia. Hakuna aliyewaambia.

Mzee Gurney akauliza, kwa sauti ya chini, nani amemfundisha.

"Mama yangu alikuwa wa Windward," akasema Bi Averil. "Aliniambia chombo hakibadilishi mmiliki kabla wazee waliotangulia hawajaambiwa. Huyu kijana ameniuzia mashua yake. Nataka awaambie yeye, kwa kinywa chake."

Hollis alicheka peke yake. Akasema jua ni kali, wageni wana njaa, si vizuri kuwasumbua wazee mchana huu.

"Wameshakaribishwa," akasema Mzee Gurney.

Ni lazima ieleweke Hollis alikuwa mtu wa namna gani. Alikuwa amewadanganya polisi, hakimu wa mji mkuu wa St. George's na padri mmoja mara mbili ndani ya wiki moja. Lakini hao ni watu walio hai, na mtu aliye hai hulala. Marehemu hawalali, huja ndotoni na kudai. Shangazi yake Hollis aliwahi kusema uongo mbele ya sahani ya wazee, jambo dogo tu la mpaka wa shamba, na kwa miaka mitatu mama yake aliyekufa alikaa kwenye ukingo wa kitanda kila usiku akiuliza mpaka uko wapi. Carriacou haina mwerevu wa kushinda hilo. Hata wanaokana mchana hawakani wakiwa wamekaa karibu na ramu iliyomwagwa.

Gurney akaita majina. Alipofika kwa Bertrand aliinamisha kichwa, kama mtu aliyefunguliwa mlango.

"Bertrand, mpwa wako yuko hapa. Hollis, umepokea fedha za huyu mama?"

Hollis aliangalia bahari, akaangalia mzabibu, akaangalia sahani. Kukana ni uongo. Kusema alipokea lakini hakuwa na nia ya kuuza ni kumweleza mjomba, mbele ya pwani nzima, mashua yake imekuwa ikifanya kazi gani tangu alipozikwa.

"Nimepokea," akasema.

"Basi umeuza. Kwa kiasi gani?"

Hollis alikitaja kwa sauti ambayo alitumaini upepo ungeichukua. Upepo ulikuwa umelala. Fundi mmoja wa Windward, mzee mwenye kidole kimoja kilichokatwa na randa, akamwomba arudie, kwa kuwa alidhani amesikia bei ya nanga.

"Elfu nne," Hollis akarudia.

"Zote umepata?" akauliza Bi Averil kwa upole.

"Zote."

"Kuna chochote kinachobaki? Ada, muhuri, mkaguzi?"

Hapo Daktari Pruitt, aliyekuwa ameshaelewa jambo moja tu, kwamba bidhaa inampita, alinyoosha mkono na kusema yeye atatoa elfu tano.

"Shusha mkono, daktari," akasema Gurney. "Huu si mnada."

Watu wote wakamgeukia Hollis. Hollis aliipapasa bahasha ndani ya fulana, kama mtu anayemuaga ndugu. Mwishowe akasema hakuna kinachobaki. Gurney akamimina ramu ya mwisho. Halafu wakala, na Hollis peke yake ndiye hakumaliza sahani yake.

Mama Pruitt alimwona kasa wakati wa kurudi, mkubwa, akalia kwa furaha. Mumewe hakugeuka kumtazama. Walirudi Toronto Jumamosi, na huko daktari huwaambia wagonjwa wake, wakiwa na vinywa wazi na hawawezi kumjibu, jinsi alivyokosa mashua kwa dakika chache.

Ndugu wa Ohio waliandika tena mwezi wa pili kuuliza habari za mkaguzi. Walijibiwa na mmiliki mpya, kwa mwandiko mzuri, kwamba amepona mguu na amehama.

Mwaka uliofuata mtu wa Windward aliyekwenda Huddersfield kumzika dada yake alirudi na habari. Mama yake Bi Averil alizaliwa Leeds na hakuwahi kupanda hata kivuko. Bi Averil alijifunza mambo ya sahani kwa jirani yake, bibi mmoja mgonjwa wa Carriacou ambaye yeye alimuuguza kwa miaka sita, na ni bibi huyo aliyemsimulia habari za mashua inayouzwa kila mara na isiyoondoka. Hollis alikimbilia kwa Gurney kudai mauzo yafutwe. Gurney alifikiri mpaka alipomaliza kiko chake, akasema mama wa Windward alikuwa wa uongo, lakini Bertrand alikuwa wa kweli, na kinywa kilikuwa cha Hollis.

Hollis alikaa St. George's miezi minne akiuza viwanja vya watu. Alirudi mwezi wa tano. Sasa hugawa miwani na kukamua ndimu kwa mshahara unaolipwa kila Ijumaa.

Gurney bado anashika usukani. Perpetua hutoka gatini saa mbili na nusu asubuhi, kila siku isipokuwa Jumapili.