Ombi la Kuandikishwa Darasa la Pili, Nikiwa Mke wa Mtu

Mheshimiwa Mwalimu Mkuu,

Pokea salamu zangu ambazo bado zinanukia harusi. Mimi ni yule bibi harusi ambaye kisigino cha kiatu chake kilizama kwenye bustani yenu, siku mlipowaalika wanafunzi wenu wa zamani waliotoka nchi za mbali. Mume wangu alisoma kwenu akiwa mdogo, baba yake alipokuwa masomoni huko. Mwaliko ulitukuta tumeoana juzijuzi tu, nikasema hii ndiyo fungate: kwenda kuona mahali jua langu lilipojifunzia kusoma.

Huyu mume, Mwalimu Mkuu, hata akipiga chafya mimi nasikia kinanda. Ndiyo maana naandika kwa uchungu, na kwa namba, kama tulivyofundishwa sekondari.

1. Mkono. Desturi yenu ni kumkabidhi kila mtoto mgeni kwa mtoto mwenyeji, watembee wameshikana mikono kutoka darasani hadi bwaloni. Sina neno, watoto ni watoto. Lakini siku ile mliwapanga tena wawili wawili, watu wazima wenye vitambi, kila mmoja na mwenzake wa zamani. Mwenzake mume wangu siku hizi ni daktari wa meno, mwanamke mrefu, na meno yake mwenyewe ni tangazo tosha. Mwalimu wao mstaafu akapaza sauti, "Shikaneni vizuri, msiachane!" Wakashikana vizuri. Mkono ulioshikwa ndio wenye pete. Mimi nilikaa kwenye benchi la mabibi, nimepakata koti la mume wangu na mkoba wa daktari.

2. Lugha. Mume wangu, ambaye nyumbani huomba chumvi kwa kunong'ona, kwenu alipiga soga mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Daktari alisimulia jambo refu, wakacheka hadi kufutana machozi. Nikauliza, "Kasemaje, mpenzi?" Akanijibu, "Anasema ilinyesha." Nikaapa sitapitwa tena: wakivuta pumzi tu, nacheka. Ndivyo nilivyojikuta nacheka peke yangu, kwa sauti kubwa, mlipokuwa mnatangaza kifo cha bawabu wenu wa zamani. Naiomba radhi familia yake. Lakini nauliza, ni nani aliyeniacha bila mkalimani?

3. Jina. Mimi humwita Simba wa Moyo Wangu. Hata kwenye kadi za harusi niliandika hivyo. Shangazi zake waliguna, wakazigawa hivyohivyo. Kumbe kwenu anaitwa Kifungo, kwa sababu alimeza kimoja cha shati darasani, na darasa zima likawa kila asubuhi linamuuliza kama kimetoka. Sasa nikitaka kumwita Simba, nakiona kifungo. Siku ya ndoa iliulizwa wazi kama kuna mwenye pingamizi. Shule yenu haikusimama.

4. Picha. Kwenye korido yenu kuna picha yao ya darasa la pili. Mume wangu hana meno ya mbele, na amemng'ang'ania msichana yuleyule kama kupe. Asiyekuwepo na lake halipo, na mimi simo. Lakini miaka ile nilikuwa hai, Mwalimu Mkuu! Nilikuwa darasa la kwanza huku kwetu, nina mapunye kichwani, sijaposwa na mtu. Mngeniita ningekuja. Nilidhani namjua mume wangu mzima, kumbe nimeolewa na nusu yake. Nusu ya kwanza iko ukutani kwenu, na imeshikwa na mtu mwingine.

Kwa hiyo naomba niandikishwe darasa la pili, mwaka uleule, dawati la nyuma yake. Mtihani wa kuingia nitafanya. Cheti changu cha sekondari kinapendeza sana ukiziba hisabati kwa kidole. Picha ipigwe upya. Sare nimeshapeleka kushonwa. Fundi, niliyemwambia ni ya mtoto mwenye mwili kama wangu, aliponipima kiuno aliguna, "Dada, mtoto huyu mnamlisha nini?" Nimevumilia. Na kama ofisi yako haina uwezo wa kurudisha miaka, basi mwalimu mstaafu arejeshwe kazini kwa siku moja, asimame uwanjani, atangaze kwamba mume wangu amebadilishiwa mwenzake.

Barua hii ataitafsiri mume wangu. Nimemwambia ni ya shukrani.

Nisalimie walimu wote, wapishi, na mabibi wa benchini, hasa yule aliyenipa peremende alipoona nimeanza kununa.

Wako mwenye subira ya kuazima,
Mke halali wa Kifungo

Tanbihi: Mume wangu ameanza kutafsiri, akakwama namba moja. Hakucheka. Ameniambia kwamba alipofika kwenu hakujua hata kuomba maji kwa lugha yenu, na kila asubuhi alichomoka getini kumfuata mama yake, kwenye barabara ya malori. Yule msichana aliambiwa na mwalimu asimwachie mkono. Mume wangu alimng'ata, msichana hakumwachia. Alimpiga teke, hakumwachia. Naye alikuwa mtoto kama yeye. "Bila huyo," mume wangu kaniambia, "wewe ungekuwa mke wa mtu mwingine."

Mwalimu Mkuu, yote niliyoandika hapo juu yafute. Picha ibaki ilivyo, tena iwe inapanguswa vumbi. Na mwambieni daktari tunamkaribisha kwetu. Nitampokea mimi mwenyewe, na tukifika barabarani nitamshika mkono, maana madereva wa huku hawana adabu, na yeye atakuwa mgeni.