Maswali Yote Nimeyaandika Mimi

Jumatatu, 4 Mei
Balaa! Mwalimu mkuu katangaza kwamba mkaguzi anakuja Alhamisi kutazama kipindi changu cha Jiografia. Anataka mbinu shirikishi. Wanafunzi waongee, mimi niwe mwezeshaji tu. Miaka kumi na tisa nimeongea mimi, leo niambiwe ninyamaze! Mwalimu wa Sayansi, jirani yangu wa darasa, akatabasamu. Kwake kelele kutwa, eti ndiyo kujifunza.

Nyumbani kimya. Tangu tumzike mama yake mwezi wa Januari, binti yangu hunipa shikamoo na kuniambia ameshiba, basi. Darasani kwangu yumo, dawati la nyuma. Leo shemeji, mama yake mdogo, kapiga simu. Anakuja Jumapili. Mtoto akisema anataka kuhamia kwake, atamchukua.

Hataki. Najua hataki.

Jumanne, 5 Mei
Nimepata dawa! Madawati nimeyapanga makundi manne. Kila mwanafunzi nimempa karatasi yenye swali atakalouliza kwa hiari yake. Nyuma ya karatasi lipo jibu la swali la mwenzake. Hata mahali pa kucheka nimeonyesha. Binti yangu nimempa swali fupi, asihangaike: mto huanzia wapi? Angalau nitaisikia sauti yake. Akaikunja karatasi bila kuisoma.

Jumatano, 6 Mei
Mazoezi. Kundi la pili walicheka kabla ya kichekesho. Tukarudia mara sita.

Mwalimu wa Sayansi akanivuta kando, kwa ule upole wake wa kuudhi. Anasema binti yangu huongea sana kipindi chake. Jana aliuliza maji huingiaje kwenye mapafu ya mgonjwa, na kama mgonjwa huwa anasikia maumivu mpaka mwisho. Nikamjibu kwamba hilo halimo kwenye mada za muhula huu. Kisha nikaenda bombani kunawa uso. Nilinawa mara tatu.

Alhamisi, 7 Mei
Mambo yalikwenda vizuri, mpaka mkaguzi alipowaomba waulize la kwao wenyewe, lolote. Wote wakatazama karatasi. Binti yangu akasimama. Akauliza kwa nini mtoto anapelekwa shule siku ambayo nyumbani wanajua mama yake atakufa.

Nikamwambia swali lake ni la mto.

Mkaguzi akaweka kalamu chini. Mtoto akaketi. Jibu nilikuwa nalo. Niliogopa kumwona akilia, nikamfunga viatu, nikampeleka. Ni hayo tu. Ningeweza kuyasema kwa pumzi moja, nami nikageukia ramani.

Jumamosi, 9 Mei
Ripoti ilikuja jana. Wanafunzi wamefunzwa vizuri. Mwalimu ajifunze kusikiliza. Wivu! Bila shaka mwalimu wa Sayansi kampikia mkaguzi maneno.

Hata hivyo nitaleta mbinu shirikishi nyumbani. Nimeandika sababu nne, binti achague moja kwa uhuru kamili. Zote ni za kubaki.

Jumapili, 10 Mei
Shemeji alifika saa sita. Nikatoa orodha yangu. Akaiweka kando, akamwambia, mwanangu, nakusikiliza. Akanyamaza. Na yeye ni mwanamke asiyenyamaza hata akiwa na jino bovu!

Mtoto akaongea. Mimi nilikuwa jikoni, nikiwasikia. Aliongea, akalia, akaongea tena, karibu saa nzima. Sijawahi kumsikia hivyo. Kisha akaja kuniambia anakwenda, na kwamba dawa yangu ya presha ipo kabati la juu, nisisahau.

Mlangoni alisimama na begi, akaniangalia. Hakuwa na haraka. Nikamwuliza kama amechukua sweta.

Wameondoka. Nimelia, nakiri. Lakini sikukaa bure. Huko aliko atashindwa kuniandikia, maskini, maneno humpa tabu. Kwa hiyo nimemwandikia mimi barua nzima, kurasa mbili: jinsi anavyonikumbuka, na kwamba amenisamehe. Kesho naituma. Yeye atie sahihi tu, anirudishie.